Bassin Yetu Inaishia Wapi?

Mtu akikwambia kwamba Goma hakuna tope, usimcheke. Mvua inaweza kunyesha tangu asubuhi mpaka watu waanze kugombana ndani ya nyumba kwa kukosa pa kwenda, na ikikatika tu, unavaa viatu vyako vya Jumapili, unatoka, unarudi navyo safi. Maji yote yamekwenda chini. Tumejenga juu ya mawe meusi yaliyomwagwa na volkano, mawe yenye matundu na nyufa kila mahali, na mvua ikianguka hapo haipati hata muda wa kutengeneza kidimbwi cha watoto kuchezea. Mto hatuna. Kisima usiulize. Tuna ziwa upande wa chini, bidon, yale madumu ya njano ya kuchotea maji, na shingo za wanawake.

Mimi nilikulia mtaa wa Majengo nikiamini kwamba maji ya mvua yanapotea tu. Yanapotelea wapi, sikuwahi kujiuliza, wala sikumjua mtu aliyejiuliza. Kwa hiyo nikisimulia kwamba kulikuwa na msimu mmoja ambapo mtaa mzima, kuanzia watu wa pikipiki hadi padri, ulikuwa unabishana juu ya njia ambayo maji hupita chini ya ardhi, na kwamba mimi nilikuwa katikati ya ubishi huo nikipiga kelele kuliko wote, ujue haikuwa tabia yetu. Tulishikwa na kichaa. Kilikuwa kichaa kitamu, na mpaka leo nikikikumbuka nacheka peke yangu sokoni, watu wakanipisha.

Ilikuwa wakati wa vita. Nikisema hivyo watu wa kwetu huuliza: ipi? Ni ile ambayo watu wa Rutshuru walishuka kwa barabara kubwa na magodoro kichwani, wakajaza makanisa na shule, halafu wakapelekwa kwenye uwanja wa mawe ng'ambo ya barabara, juu ya mtaa wetu, wakaambiwa hapo ndipo kambi. Kati yao alikuwemo mama yangu mdogo, aliyefuatana na mama tumbo moja. Alitoka Kalengera kwa miguu akiwa na sufuria moja, mimba changa, na sauti. Mume wake alikuwa amekwenda Vitshumbi kununua samaki wa biashara, na njia ikafungwa kabla hajarudi. Akawa mume wa kwenye simu, wa kusalimia na kukatika.

Kuhusu sauti lazima nieleze. Mama mdogo hakucheka kwa mdomo kama watu wengine, alicheka kwa mwili wote, na majirani walitoka nje kuuliza kumetokea nini. Wiki za kwanza alikaa kwetu, katika nyumba yetu ya mbao yenye vyumba viwili, na baba yangu, mtu wa kimya, alianza kurudi nyumbani akiwa amechelewa sana. Halafu ikajulikana kwamba unga unagawiwa kwa wale waliolala kambini tu. Mama mdogo akabeba sufuria yake akapanda huko, akapewa hema la turubai lililosimama juu ya mawe makali kiasi kwamba hata kuku walitembea kwa uangalifu.

Kambi haikuwa na maji. Wanawake walitoka alfajiri, wakashuka mtaa wetu wote hadi ziwani, wakajaza bidon, wakazifunga mgongoni kwa kamba inayopita kwenye paji la uso, na kupanda nazo tena. Walifika jua likiwa limesimama. Kwenye mstari wa hema la mama mdogo kulikuwa na mwanamke aliyeshikwa na uchungu akiwa njiani, akazaa pembeni ya barabara, kati ya mawe, bidon yake ikiwa imelala karibu naye na maji yakimwagika. Mtoto alipona. Lakini mama mdogo alikuwa nyuma yake na aliona yote. Tangu siku hiyo alikuwa na ombi moja tu, na alilisema kwa kila mtu, kwa Mungu, kwa mama yangu, hata kwa muuza mkaa: asizae kwenye njia ya maji. Alilisema akicheka, lakini mimi nilimjua. Aliogopa, na mimi niliogopa kwa ajili yake.

Basi, jioni moja mtu wa megafoni wa ofisi ya mtaa akapita.

"Kesho, saa tatu, ku kiwanja ya masomo, réunion ya bassin! Kila famille itume mutu moja! Benye habatakuya, bassin haitabafikia!"

Mkutano wa bassin! Kwetu bassin ni beseni. Ni kile cha plastiki cha kuoshea vyombo, nguo, na watoto kwa zamu. Na katika miaka ile, kila shirika lililokuja na gari jeupe liligawa vitu vilevile: sabuni, blanketi, bidon, bassin. Nani angefikiri vingine? Mama alikuwa na bassin mpya nzuri, ya buluu, chini ya kitanda. Aliitoa mbio akaenda kuificha kwa jirani, akarudi na ile ya zamani iliyopasuka, ambayo tulikuwa tunawekea viazi.

"Kesho ubebe hii," akaniambia. "Ukibeba ile mupya batasema tuko nayo tayari."

Nilikwenda. Nilikuwa nimemaliza masomo, niko nyumbani sina kazi, kwa hiyo mimi ndiye mtu mmoja wa familia. Mama mdogo alishuka kutoka kambini akaja pamoja nami, maana megafoni ilisikika hadi huko. Tulipoingia uwanja wa shule tukakuta kila mama wa Majengo alikuwa na akili ya mama yangu. Mabeseni yaliyopasuka, yaliyoungua, yaliyoshonwa kwa kamba, mengine ya bati yaliyotobolewa na kutu, kila mtu amebeba bovu kuliko yote ya kwake ili aonewe huruma. Nilianza kucheka hapo hapo na sikuweza kuacha.

Ingénieur, mhandisi wa shirika aliyeitisha mkutano, alikuwa kijana wa Bukavu, mwenye buti safi na maneno ya polepole. Alikuwa ametundika ramani kubwa ukutani. Aliangalia yale mabeseni, akaangalia ramani yake, akaamua kuanza tu.

"Mama na baba zetu, leo tuko hapa kwa kutafuta mipaka ya bassin."

Mama mmoja wa mbele akainua ya kwake. "Mupaka yake njo huu, Papa Ingénieur. Ilipasukaka hapa, maji inatokaka yote."

"Ya kwangu haina hata mupaka!" akapiga kelele mwingine, na kuthibitisha akaivaa shingoni, kichwa kikatokea pale palipokuwa kitako.

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Mama mdogo alikaa chini kabisa, akashika tumbo. Ingénieur alimgeukia chef wa mtaa amweleze kinachoendelea, na chef akamnong'oneza, na wakati ananong'ona sote tukaona chini ya kiti chake: bassin. Mpya kabisa, nyekundu. Yeye hakuwa na mke mwerevu wa kumwambia afiche nzuri.

Namsifu yule kijana kwa hili: hakukasirika. Alijaribu kukasirika, midomo ikaanza kutetemeka, na mwishowe akaegemea ramani yake akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akasema kwamba yake ni bassin nyingine, ya maji ya chini ya ardhi, na kwamba angetuonyesha, je, kuna mtu anayeweza kumwazima beseni lisilo na tundu? Hakukuwa na hata moja katika uwanja mzima. Ikabidi achukue la chef.

Alilijaza kokoto, akamwaga maji juu, maji yakapotelea katikati ya kokoto. "Munaona? Maji haikupotea. Iko chini, ndani ya mawe." Akaliinamisha, na maji yakatokea kwenye ukingo wa chini. Akasema hiyo ndiyo Goma. Mvua inaingia juu, inapita ndani ya mawe, inatokea chini pembeni mwa ziwa, pale tunapohisi baridi tukioga. Wote wanaoishi juu ya bassin moja wanakunywa maji mamoja, na kinachomwagwa juu na mmoja kinafika chini kwa mwingine. Kwa hiyo kutakuwa na kamati: hakuna mafuta ya gari kwenye nyufa, hakuna choo juu ya ufa, hakuna kutupa mizoga. Na kwa sababu walio ndani ya bassin ndio watakaoyalinda maji, hao ndio watakaopelekewa bomba na robine, yaani koki ya kufungulia maji. Walio nje, hapana. Shida ni kwamba ukingo wa bassin hakuna anayeuona, na ni lazima uamuliwe.

"Kwa hiyo leo habagawe?" akauliza mama mmoja nyuma.

"Habagawe, mama."

Alimtukana ukoo mzima, lakini hakuondoka. Hakuna aliyeondoka, maana lilipotajwa neno robine kila mtu alikuwa ameanza kupima kwa macho umbali hadi mlangoni kwake.

Tukachagua présida, mwenyekiti wa kamati, mzee mwenye duka la misumari na mabati, mtu aliyeheshimika. Alisimama akasema jambo ni rahisi: mpaka wa bassin ni barabara. Chini ya barabara ni sisi. Ng'ambo ni kambi, na kambi haimo.

"Juu ya nini haimo, Muzee?" akauliza mama mdogo, akitaka sababu. Alikuwa bado ameketi chini.

"Juu kule kuko vyoo vingi, mama yangu. Tukiandika kambi ndani ya bassin, itakuwa sawa na kusema tunakunywaka choo yenu kila siku. Mimi siwezi kuweka signature kwa ile maneno."

Mama mdogo aliinuka taratibu, mkono mmoja kiunoni. "Sawa. Sasa, Muzee, usipoandika, choo itajuaje kama haikuandikwa?"

Watu wakacheka, lakini mzee akatikisa kichwa, akasema barabara ni barabara. Mama mdogo akauliza maji ya chini yaliomba jeton kwa nani ili kuvuka barabara. Jeton ni kile kikaratasi cha kuvukia mpaka kwenda Gisenyi, upande wa Rwanda, na hakuna mtu wa Goma ambaye hajawahi kukipangia foleni, kwa hiyo kicheko kikawa kikubwa zaidi. Na hapo mimi, ambaye sikuulizwa, nikapanda juu ya benchi. Nilisema kwamba hao ni watu wa Rutshuru, ambao mchele na maharage yao tumekula miaka yote bila kuuliza mpaka. Nilisema mengine ambayo mama aliyasikia kwa majirani kabla sijafika nyumbani. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa na furaha, na vyote viwili vilikuwa vinanitoka kwa mdomo mmoja.

Ingénieur akatuambia tunyamaze, jambo hili halina haja ya kelele. Angemwaga rangi kwenye ufa ulioko kambini. Kama rangi itatokea chini, pembeni mwa ziwa, kwenye maji ya mtaa wetu, kambi iko ndani ya bassin na robine itapanda. Isipotokea, mpaka ni barabara kama alivyosema mzee. Présida akakubali mbele ya watu wote, akapeana mkono na mama mdogo. Nilimwona akitabasamu. Alikuwa na uhakika.

Siku ya kumwaga rangi kambi nzima ilikuwepo. Ufa wenyewe ulikuwa nyuma ya hema za mstari wa mama mdogo, mwembamba, mrefu, na ukiweka mkono unahisi pumzi ya baridi ikitoka. Ingénieur alileta unga mwekundu kama pilipili ya kusaga, unaogeuka kijani kikali ukigusa maji. Alileta pia lori lenye tangi lililojaa maji, maana rangi inahitaji maji mengi ya kuisukuma.

Hebu fikiri. Wanawake wanaoshuka hadi ziwani kila asubuhi na kamba kwenye paji la uso, wamesimama wanaangalia lori zima la maji safi linaloelekezwa kwenye shimo. Mpira wa lori ulipofunguliwa tu, mama mdogo alipiga yowe ambalo nadhani lilisikika Gisenyi.

"Kwanza bidon! Kwanza bidon, njo shimo!"

Yaani shimo lisubiri zamu yake. Sijui zilitoka wapi. Bidon, sufuria, ndoo, vikombe, kofia ya plastiki ya mjenzi mmoja. Dereva wa lori alisahau kazi yake akaanza kuwajazia kwa foleni, na akina mama walikuwa wanaimba. Ingénieur alikimbia huku na huku akiomba, "Mama zangu, muniachieko kidogo! Munakunywa expérience yangu!" Walimwachia kidogo kwelikweli. Mama mdogo aliomba amwage unga yeye mwenyewe, akaumwaga kwa mikono miwili, na wiki nzima baada ya hapo alikuwa na viganja vya kijani. Watoto wa kambi walipanga mstari kumsalimia kwa mkono.

Lakini maji hayakutosha. Rangi ilibaki humo ndani ya ufa, imekaa, inasubiri mvua iisukume. Na mvua, ambayo tumeilaani maisha yetu yote, ikagoma.

Nilipewa kazi ya kulinda chemchemi moja pembeni mwa ziwa, ile kubwa, pale bomba jipya la mtaa litakapochota. Kazi ilikuwa kukaa kwenye jiwe na kuangalia maji. Kwa kuwa sabuni ingeharibu vipimo, ingénieur alipiga marufuku kufua hapo, na akina mama waliozoea mahali hapo, pamoja na mama yangu na wenzake wa kwaya, walihama wakinilaani mimi, siyo yeye. Walikwenda nyuma ya kona ya mawe, mahali ambapo hakuna mtu aliyekuwa analinda kitu.

Siku zikapita na mtaa ukaingia wazimu wa kijani. Watu walileta chupa za maji wakiapa kwamba yana rangi. Yalikuwa na majani. Mwingine alikuja mbio na chupa ambayo yenyewe ilikuwa ya kijani, chupa ya bia, na aliona haya tulipomimina maji kwenye glasi. Kijana mmoja alileta chura. Halafu ikazuka habari kwamba rangi imeshatokea, lakini Gisenyi, imevuka mpaka bila jeton, na kwamba Wanyarwanda wanaitazama sasa hivi. Nusu ya Majengo ilikwenda kusimama karibu na barrière, kizuizi cha mpakani, kuangalia upande wa pili. Walirudi na mayai na maziwa, kwa kuwa walikuwa wamefika huko tayari.

Présida alipita kila jioni kwenye jiwe langu. "Bado?" aliuliza kwa upole. "Bado, Muzee." Alitikisa kichwa kama mtu anayesikitika, na mimi nilitamani kumsukuma ziwani, na viatu vyake.

Mama mdogo alipita kila asubuhi akishuka na kila mchana akipanda. Tumbo lilikuwa limeshuka. Alikuwa ameanza kupumzika njiani kila baada ya nyumba chache, na akipita kwangu hakuuliza kuhusu rangi, aliangalia tu maji, kisha akanitazama, kisha akasema utani fulani. Siku moja hakusema utani. Alisema, "Mutoto yangu, kama haitoke, miye nitazalia wapi?" Nilimbebea bidon mpaka kambini nikaacha chemchemi bila mlinzi, na kama rangi ingepita saa zile hakuna ambaye angejua.

Mvua ilikuja Jumatano. Ilikuja kwa nguvu zote, na watu wazima walitoka nje ya nyumba zao kwa makusudi wakalowa, wakashangilia kila radi. Kambini, nimeambiwa, mama mdogo alisimama juu ya ule ufa akiuambia, "Sukuma! Sukuma!" mpaka jirani yake akadhani ameshikwa na uchungu akaenda kumwita mkunga.

Alhamisi, hakuna. Ijumaa, hakuna. Jumamosi nilikuwa kwenye jiwe langu, macho yakiniuma kwa kutazama maji meupe, niliposikia sauti ya mama yangu. Alikuwa anatoka nyuma ya kona ya mawe, analia kwa hasira, mikono yote miwili imebeba kanzu za kwaya zilizolowa. Kanzu nyeupe za kwaya, alizokuwa ameaminiwa na parokia nzima.

"Nani amemwanga rangi ku maji? Nani? Angalieni! Angalieni kanzu za Mungu!"

Zilikuwa za kijani. Si kijani cha majani, wala cha chura. Kijani kinachopiga kelele.

Sijui jinsi nilivyoruka kutoka kwenye lile jiwe. Nilimkumbatia mama pamoja na kanzu zote, nikamzungusha, naye akanipiga kofi kwanza kwa kuwa alidhani namcheka, halafu akaelewa katikati ya kofi la pili. Mkono ukabaki hewani. "Ni ya kambi?" akauliza. "Ni ya kambi, mama! Ni ya mama mudogo!" Na mama yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, mwanamke wa heshima, alitupa kanzu chini akaanza kucheza juu ya mawe. Nyuma ya kona, wenzake wa kwaya walikuwa wamesimama ndani ya maji ya kijani hadi magotini wakipiga mayowe. Maji yalikuwa yanatokea kati ya mawe pale pale walipokuwa wanasuuza, mahali palipochaguliwa kwa bahati tu, kwa sababu tuliwafukuza kwingine. Saa chache baadaye chemchemi yangu kubwa nayo ikageuka, lakini hakuna aliyeijali tena.

Ingénieur alifika kwa pikipiki akachukua kanzu moja akaiweka kifuani. Alitaka aondoke nayo kama ushahidi. Mama akamwambia abaki na ushahidi wa chupa, kanzu inakwenda misani.

Zilifuliwa tena na tena, na bado zilibaki na kijani hafifu. Kesho yake kwaya iliimba hivyo hivyo. Ilikuwa Jumapili ya kawaida, padri naye alikuwa amevaa kijani, rangi ya Jumapili zisizo na sikukuu, na wageni waliotoka parokia nyingine walikuja kumpongeza mama kwa kushona sare mpya inayoendana na padri. Mama aliwashukuru.

Mzee présida alitimiza neno. Nilijiandaa kwa vita, nilikuwa na maneno yangu tayari, na hakunipa nafasi. Alisimama mbele ya kamati akasema, "Haya, tunakunywaka choo yabo. Sasa tufanye nini?" Mpaka ukachorwa juu, nyuma ya kambi, mbali kuelekea volkano. Vyoo vilivyokuwa juu ya nyufa vikahamishwa, na waliobomoa na kujenga upya walikuwa wanaume wa Majengo na wa kambi pamoja, wakitaniana kuhusu nani amekula nini cha nani. Mama mdogo akawa mmoja wa kamati, na katika mikutano alikaa karibu na mzee na kumwita "mutu wa bassin yangu". Ikawa salamu ya mtaa. Mtu akikukanyaga sokoni alikwambia, "Pole, mutu wa bassin."

Kisha bomba likaanza kupanda, na likashindana na tumbo. Kila asubuhi mafundi walichimba mawe, mawe yale hayachimbiki, na kila asubuhi tumbo lilikuwa kubwa zaidi. Watu walibishana nani atafika kwanza. Mama mdogo alikataa kukaa. Alishuka ziwani na kupanda kama wengine, ila sasa siku zote nilikuwa nyuma yake, nikiwa na kitenge cha ziada, wembe mpya na uzi ndani ya mfuko, nikiomba Mungu visitumike.

Robine ilifunguliwa kambini. Kulikuwa na hotuba, sikuzisikia, watu walikuwa wanarushiana maji.

Siku chache baadaye, asubuhi, nilikuwa hemani nakunywa chai naye alipoweka kikombe chini na kushika mlingoti wa hema. Mkunga wa kambi alikuja, akamlaza, akaniambia bila kunitazama, "Maji. Mingi. Mbio."

Nilishika bidon nikakimbia. Nilikimbia nikilia, nikapita hema zote, nikatoka kambini, nikavuka barabara bila kuangalia pikipiki, nikaanza kushuka kwenda ziwani, nikijiambia nitachelewa, nitarudi jua limesimama, nitakuta nini? Nilikuwa nimeshafika nyumba za kwanza za Majengo niliposikia wanawake wakiniita kutoka juu. Waliokuwa kwenye foleni walikuwa wameacha bidon zao na kunikimbilia.

"Unaenda wapi, we mutoto? Unaenda wapi? Robine iko hapa!"

Walinirudisha kambini, wakaniweka mbele ya foleni. Nilijaza, nikaingia hemani. Mtoto alikuwa ametoka wakati huo huo, bado hajaoshwa, analia kwa sauti ambayo haikuacha shaka mama yake ni nani. Mama mdogo alitazama bidon iliyojaa, akanitazama mimi, jasho na machozi.

"Umetoka ku ziwa?"

"Hapana, mama mudogo. Hapa inje tu."

Akaanza kucheka, na mkunga akamwambia atulie kwanza, kazi haijaisha.